Shindano la Beji: Tumwachie Mtoto Kalamu

(Hotuba ya mwalimu mkimbizi kwa wazazi, wanafunzi na wafanyakazi wa mashirika, katika maandalizi ya Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni)

 

Nimepewa dakika chache nizungumzie shindano la kuchora beji. Kama mlivyotangaziwa, kila mwanafunzi wa darasa la saba hadi la tisa anaruhusiwa kuleta mchoro mmoja wa beji ndogo ya kubana kwenye ukosi wa shati au kifuani. Mchoro utakaochaguliwa utatengenezewa beji, nasi tutazivaa siku ya sherehe. Tangu tangazo litolewe, maswali mawili yanasikika kwenye mabomba ya maji. La kwanza: beji itatusaidia nini, wakati chakula kimepungua? La pili: huyo mtoto achore nini?

Swali la kwanza ni la haki. Beji haipikwi. Lakini tuitazame siku yenyewe. Tarehe 20 Juni ilikuwa siku ya wakimbizi wa Afrika kabla haijawa ya dunia nzima. Mwezi wa Desemba mwaka 2000 Umoja wa Mataifa uliamua kwamba kuanzia 2001, mwaka ambao Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ulitimiza miaka 50, iwe siku ya wakimbizi wote. Kila mwaka siku hiyo picha zetu huchorwa na kupigwa, na mara nyingi ni picha ileile: mama, mzigo kichwani, mtoto mgongoni. Si uongo, tulipita hivyo. Lakini aliyeichora ni mtu mwingine. Kadi ya chakula nayo inasema idadi ya watu wa nyumba. Safari hii mtoto wetu ndiye anayeulizwa: wewe unajionaje? Kwa mtoto wa miaka 14, hilo si swali dogo.

Sasa kazi yenyewe. Wanafunzi, sikilizeni vizuri, maana wengi wataanguka hapa. Beji ya chuma hutengenezwa kwa kugandamiza bati au shaba kwenye muhuri mgumu, mpaka mistari ya mchoro inyanyuke kama kuta ndogo. Kisha rangi hutiwa katikati ya kuta hizo na kukaushwa kwa moto. Ukuta ndio unaozuia nyekundu isiingie kwenye kijani. Kwa hiyo mstari mwembamba kama unywele hautafaa, na rangi zinazofifia taratibu kutoka moja kwenda nyingine hazitafaa. Chukua kizibo cha soda, kizungushe kwa kalamu ya biki, uchore ndani ya duara hilo. Halafu weka karatasi juu ya dawati, rudi nyuma hatua tatu, utazame. Kama hujui tena umechora nini, umejaza vitu vingi mno. Ondoa kimoja. Tazama tena. Rangi tatu au nne zinatosha, na maneno yasizidi mawili.

Yapo pia ya kuepuka. Ile nembo ya mikono miwili inayomkinga mtu, inayoonekana kwenye mahema na magari, ni ya shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Hairuhusiwi kuchukuliwa bila idhini. Nembo ya Umoja wa Mataifa wenyewe inalindwa tangu azimio la mwaka 1946, na msalaba mwekundu unalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949. Rangi za vyama vya siasa tuziache kabisa. Katika kambi hii wapo Warundi na wapo Wakongo, na hata sisi Warundi wenyewe tunajua ni watu wangapi walioteseka kwa sababu ya kitu walichovaa, au walichodhaniwa kuwa wanakivaa moyoni. Beji ya siku hii isimuulize jirani: wewe ni wa upande gani?

Nitoe mfano mmoja. Mwaka 2016 wakimbizi kumi walishindana katika Michezo ya Olimpiki ya Rio, wakiwemo vijana watano wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma, Kenya. Msanii mmoja mkimbizi kutoka Syria, Yara Said, aliyekuwa akiishi Amsterdam, alibuni bendera kwa ajili ya timu hiyo. Haikutumika rasmi, timu iliingia uwanjani na bendera ya Olimpiki, lakini ilijulikana duniani. Ilikuwaje? Kitambaa cha rangi ya chungwa na mstari mmoja mweusi. Basi. Ni rangi za jaketi la kuokolea maisha baharini, ambalo yeye mwenyewe alilivaa. Hakuchora mashua, wala mawimbi, wala machozi. Alichagua kitu kimoja ambacho mkono wake ulikigusa.

Hapa ndipo ninapofika kwa wazazi wa Rumonge, Minago, Magara na Nyanza-Lac, watu wa pwani yangu. Nimesikia mkiwaambia watoto: chora ziwa, chora mukeke, chora mchikichi, chora meli ya Liemba. Ninaelewa. Mwaka 2015 maelfu yetu tulikwama Kagunga, kwenye ufukwe mwembamba chini ya milima, kipindupindu kikatukuta hapo, na Liemba, meli ya Wajerumani iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915, ikatubeba kwa mamia hadi Kigoma, na kutoka hapo mabasi hadi Nyarugusu. Mtu hasahau. Lakini tuhesabu miaka. Aliyebebwa mgongoni siku ile, leo ni mwanafunzi wa darasa la juu. Ziwa Tanganyika analijua kwa masimulizi yetu.

Na pwani tunayomsimulia nayo haikutungoja. Mkoa wa Rumonge uliundwa Machi 2015, wiki chache tu kabla ya sisi kuondoka. Mwaka 2025 mikoa ya Burundi ilipunguzwa ikawa mitano, na Rumonge sasa imo katika mkoa wa Burunga. Maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2021 na tena 2024, nyumba nyingi za ufukweni zilifunikwa. Tunamtaka mtoto achore nyumba ambayo pengine samaki wanapita dirishani.

Hata mchikichi si mti mwepesi. Kwangu mimi ni mawese, ni ada ya shule, ni kivuli. Lakini mwaka 1972, baada ya mapigano kuanza hukohuko Rumonge na Nyanza-Lac tarehe 29 Aprili na mauaji yaliyofuata, wazee wengi walikimbilia Tanzania, wakakaa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Waliorudi miaka mingi baadaye walikuta watu wengine katika michikichi yao, na kesi za ardhi zikajaa. Kwa hiyo mti huohuo mmoja atauona kwao, mwingine ataiona kesi. Sisemi usichorwe. Nasema mtoto akiuchora, tumuulize kwanza yeye anaona nini, tusimjibie.

Mtoto aliyezaliwa au kukulia hapa ana vitu vyake alivyovigusa: foleni ya ndoo, mpira wa makaratasi, daftari linalotumiwa na watu wawili, rafiki wa Kikongo aliyemfundisha wimbo. Akileta ndoo badala ya ziwa, asiambiwe kwamba amesahau kwao. Amesema ukweli wake. Na akileta ziwa kwa sababu bibi yake amemsimulia mpaka akaliona, hilo pia ni lake.

Wazazi, kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, msimchoree mtoto, wala msimlipe fundi amchoree. Tutawaketisha waliochaguliwa darasani na kuwataka wachore upya mbele yetu. Pili, wasichana wapewe saa moja. Kaka anachora, dada yuko kwenye kuni na maji. Halafu tunasema wasichana hawana kipaji. Tatu, kila karatasi iandikwe namba tu, majina yabaki kwenye daftari la mwalimu. Waamuzi wasijue huyu ni mtoto wa nani, wa mtaa gani, Mrundi au Mkongo.

Ndugu zetu wa mashirika, kwenu nina maombi mawili, kwa heshima. Penseli za rangi zikipatikana, zigawiwe kwa madarasa yote kwa usawa, maana shindano ambalo nusu ya watoto wana makaa tu si shindano. Na mchoro ubaki mali ya mtoto. Pigeni nakala, lakini karatasi yenyewe irudi kwake, na jina au picha yake isitoke nje ya kambi kabla mzazi hajaelezwa na kukubali. Wapo miongoni mwetu waliokimbia watu wanaowafahamu kwa majina.

Beji itakuwa moja, na watoto wengi hawatashinda. Ndiyo maana walimu tumekubaliana michoro yote, ya ndoo, ya ziwa na ya mchikichi, ibandikwe ukutani siku ya sherehe, kila mmoja na sentensi moja ya aliyeuchora. Mje mzisome. Huenda tukajifunza jinsi watoto wetu wanavyojiona, jambo ambalo hatujawahi kuwauliza.

Karatasi zipokelewe na mwalimu wa darasa kabla ya Ijumaa, saa sita mchana.