Vigae vya Mikindani

Msikilizaji, Wagiriki wa kale walichora wapiganaji wenye mikuki na ngao kwenye vyombo vyao. Leo vigae vyao vimefungiwa kwenye kabati za vioo huko Ulaya. Vya Mikindani, kwenye ghuba ya pwani ya kusini mwa Tanzania, havina shujaa. Vina vimistari tu, vilivyochanjwa udongo ukiwa mbichi.

Kwa nini nikuchoshe na vigae? Watafiti wameona kuwa kwa karne kadhaa vyungu vya ghuba hii vilifuata mtindo wa bara, si wa mji wa pwani wa Kilwa. Kumbe wazee wetu hawakutazama bahari peke yake!

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu kama hivi, vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Sawa. Lakini upande wa pili yupo anayechimba msingi wa nyumba, jembe likagonga kigae. Asimamishe kazi? Na siku hiyo, fundi alipwe na nani?