Anayenunua Katuni Ananunua Nini?

Mwaka 2023, katika mnada wa Heritage Auctions huko Marekani, karatasi moja iliuzwa kwa dola 175,000. Juu yake Peter Steiner alichora mbwa wawili: mmoja kapanda kiti, mguu kauweka kwenye kibodi ya kompyuta, anamweleza mwenzake aliyekaa sakafuni kwamba kwenye intaneti hakuna anayejua kuwa wewe ni mbwa. Jarida la The New Yorker liliichapa katuni hiyo tarehe 5 Julai 1993, na tangu hapo imenakiliwa mara zisizohesabika. Kichekesho chenyewe, basi, kila mtu anacho. Aliyelipa fedha zote hizo alinunua nini?

Kununua karatasi si kununua haki ya kuichapa. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976 inatenganisha umiliki wa kitu na umiliki wa hakimiliki: mwenye karatasi anaweza kuitundika ukutani, lakini hawezi kuichapa kwenye fulana akauza kwa hoja kwamba karatasi ni yake. Ninachodai ni kwamba kilichonunuliwa ni ushahidi wa kazi. Mashine ya uchapaji huficha mengi. Ukiusogelea mchoro halisi wa jarida, mara nyingi utakuta mstari wa penseli uliobaki chini ya wino, rangi nyeupe iliyofunika kosa, kipande cha karatasi kilichogundishwa juu ya uso uliokataliwa, na vipimo vya mchapaji pembezoni. Msomaji huona mzaha uliotoka kirahisi. Karatasi huonyesha jinsi ulivyotafutwa.

Wapo watakaosema kwamba bei hufuata umaarufu wa kichekesho, si ubora wa mkono. Sikatai: mistari ya mbwa wale peke yake haielezi dola 175,000. Lakini hoja hiyo inahusu bei. Alama za penseli zinatufundisha yale yale, karatasi iuzwe ghali au itolewe bure. Wengine watasema mnada huzifungia kazi hizi majumbani mwa matajiri. Hilo ni zito zaidi, ila tukumbuke zilikotoka. Wachapishaji wengi wa katuni Marekani waliiona michoro kuwa takataka baada ya kuchapwa. William Gaines, mchapishaji wa jarida la Mad, aliitunza ile ya majarida ya katuni ya kampuni yake, EC, na baadaye mchapishaji mwingine, Russ Cochran, akaipeleka mnadani. Kitu chenye bei, watu husita kukitupa. Hata hivyo, kusalimika hakutoshi kama mtafiti hawezi kukifikia, na hapo tuna mfano wa Chuo Kikuu cha Ohio State, kilichoanzisha mwaka 1977 mkusanyo wa katuni ambao leo uko wazi kwa watafiti.

Nasi Tanzania tumekuwa na majarida yetu ya katuni, Sani na Kingo miongoni mwake, na magazeti yanayochapa katuni kila siku. Ombi langu kwa wahariri, wachoraji na maktaba ya chuo hiki ni moja: karatasi hizo zikusanywe, ziandikwe tarehe na jina la mchoraji, na zihifadhiwe pakavu, tusingoje dalali atutajie bei yake.