Asilimia ya Kitu Gani? Hesabu ya Gunia la Lumbesa



Sisi wa Wakala wa Vipimo hatukuja kuwafundisha hisabati. Kazi hiyo ina wenyewe. Tumekuja na gunia. Wengi wenu mmekulia katika nyumba ambazo sare, madaftari na nauli hutokana na viazi mviringo vya Umalila au Kilolo, ama vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Gunia hilo likifungwa isivyo halali, hasara huingia moja kwa moja katika mfuko unaowasomesha.

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, pamoja na kanuni zake, haziruhusu mazao ya shamba kufungashwa kwa uzito unaozidi kilo 100. Lumbesa ni gunia lililojazwa hadi mazao yakapanda juu ya mdomo wake, kisha likashonewa kwa kamba, na bado likahesabiwa kuwa ni gunia moja.

Asilimia ni sehemu ya mia, na neno lenyewe limebeba hiyo mia. Kutafuta asilimia 30 ya shilingi 60,000, tunagawa kwa 100, tunapata 600, kisha tunazidisha kwa 30: shilingi 18,000. Asiye na kalamu, kama alivyo mkulima aliyesimama kando ya lori, aondoe sifuri moja apate asilimia 10, yaani 6,000, kisha aichukue mara tatu. Hapo hakuna ugumu. Ugumu uko katika swali ambalo watu wazima wengi hulisahau: asilimia ya kitu gani?

Tuchukue mfano. Mkulima amevuna kilo 2,600 za viazi, na bei waliyokubaliana ni shilingi 60,000 kwa gunia. Kwa magunia halali ya kilo 100 anapata magunia 26, sawa na shilingi 1,560,000. Mnunuzi akifunga lumbesa za kilo 130, viazi vilevile vinakuwa magunia 20, naye analipa shilingi 1,200,000. Zimepotea 360,000.

Je, hiyo ni asilimia ngapi? Ukiigawa kwa fedha alizopokea, 1,200,000, unapata asilimia 30. Ukiigawa kwa fedha alizostahili, 1,560,000, unapata takribani asilimia 23. Hesabu zote mbili ni sahihi. Kilichobadilika ni msingi. Kwa mkulima anayetaka kujua sehemu ya haki yake iliyokwenda, jibu ni 23: karibu robo ya mavuno yake imepakiwa bure.

Sasa sikilizeni maneno ya sokoni. Mnunuzi husema, "Mzee, nakuongezea asilimia 10 kwa sababu gunia limejaa." Yanasikika kama ukarimu. Asilimia 10 ya 60,000 ni 6,000. Kwa 66,000 magunia 20 yanaleta 1,320,000, na bado pengo ni 240,000. Ili bei ya kilo ibaki palepale, lumbesa hiyo ingepaswa kulipiwa 78,000, yaani nyongeza ya asilimia 30. Hatusemi hivyo ili lumbesa ihalalishwe kwa bei nzuri. Dawa yake ni mizani iliyohakikiwa, yenye stika ya Wakala, na bei kwa kilo. Panapokosekana, toeni taarifa katika ofisi zetu za mikoa. Hata mwanafunzi anaruhusiwa kulalamika.

Tunawaachia zoezi moja la kwenda nalo nyumbani. Gunia la vitunguu limejazwa kilo 125 na kulipiwa kama kilo 100. Mkulima amepoteza asilimia ngapi ya malipo aliyostahili? Atakayepata 25 atazame upya amegawa kwa nini.