HABARI ZILIZOMO KATIKA VIGAE

Leo twataka kuwaeleza habari ya vitu ambavyo wengi wenu mmevikanyaga njiani wala hamkuviinamia, yaani vigae vya vyungu vilivyovunjika zamani.

Mwaka mmoja tulitoka na wanafunzi wetu mashambani, upande wa Iringa, tukaokota vigae kikapu tele. Tukavipanga rafuni darasani, tukajivuna sana. Baadaye akaja mgeni, mjuzi wa mambo ya kale, akavitazama kimoja kimoja, akauliza: "Hiki kimetoka wapi? Kilikuwa chini kadiri gani? Kilikuwa pamoja na nini?" Tukanyamaza, maana hatukuandika neno. Akasema kwa upole, "Basi, mwalimu, sasa ni vigae tu."

Tangu siku ile tumejifunza jinsi wajuzi wafanyavyo. Hawachimbi ovyo, wala sheria ya mwaka 1964 hairuhusu mtu kuchimba mahali pa kale bila kibali. Hupima mraba kwa kamba, huondoa udongo kidogo kidogo, huuchekecha, na kila kigae huandikiwa mahali pake na kina chake. Kwa kuwa udongo wa chini, usipovurugwa, ni wa kale kuliko wa juu. Makaa yaliyo pamoja na vigae huweza kupimwa umri, kwa njia iliyotangazwa Marekani mwaka 1949. Tena kipande kidogo cha mdomo wa chungu chatosha kuonyesha upana wa mdomo mzima, maana ni sehemu ya duara. Masizi nayo yaonyesha kwamba chungu kilikaa motoni.

Bwana J. Desmond Clark, aliyeanza kuchunguza maporomoko ya Kalambo mwaka 1953, mpakani mwa Tanzania na Zambia, alipata hapo vyungu vya wakulima wenye kujua chuma, waliokaa pale zaidi ya miaka elfu iliyopita.

Lakini Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, ndiyo itupendezayo zaidi. Katika miaka ya 1960 Bwana Brian Fagan na Bwana John Yellen walichimba penye chemchemi za chumvi. Watu wa karne ya 13 hata ya 15 walifanya kazi ya chumvi hapo: udongo wa chumvi huchujwa kwa maji, na maji yale huchemshwa chunguni hata chumvi ikabaki. Basi si kila chungu cha kale kilikuwa cha ugali. (Ng'ambo wengi hulijua jina la Ivuna kwa ajili ya jiwe lililoanguka kutoka angani tarehe 16 Desemba 1938. Sisi twaona chumvi ina habari kubwa zaidi.)

Wajuzi huwauliza pia wafinyanzi walio hai. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, hufinyanga kwa mikono bila gurudumu. Tulimwonyesha bibi mmoja kigae cha kikapu chetu. Akakigeuza, akapitisha kidole gumba upande wa ndani, akacheka. "Mwalimu, huyu mwenzangu alikuwa na haraka. Nje amelainisha, ndani ameacha."

Tulikirudisha rafuni. Chini yake tumebandika karatasi: "Mahali hapajulikani."