MASOMO NA HUDUMA KWA JAMII

Mazungumzo ya Ofisa Habari mbele ya watumishi wa Serikali na wakaazi



Wazee wengi wana hofu kwamba kijana wa chuo kikuu akiitumikia jamii huku anasoma, masomo yatamponyoka. Husema: mshika mawili, moja humponyoka. Hofu hiyo si ya kubezwa. Mzazi aliyeuza karafuu zake ili alipe ada ana haki ya kuuliza mwanawe anafanya nini. Hata hivyo, historia yatufunza kuwa taabu haimo katika kushika mawili, bali imo katika kuyashika mbalimbali.

Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga utaratibu wa Jeshi la Kujenga Taifa. Utaratibu huo ungewachukua baada ya masomo na kuwapunguzia sehemu kubwa ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwarejesha makwao, na mshahara wake mwenyewe akaupunguza kwa asilimia 20. Huduma ilikuwa imewekwa nje ya elimu, na vijana wakaiona kama kodi.

Ethiopia ilishika njia nyengine. Kuanzia mwaka 1964, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Haile Selassie wa Kwanza, Addis Ababa, alitakiwa kutumikia mwaka mmoja mikoani kabla ya kutunukiwa shahada. Wengi wao walisomesha skuli, kisha wakarudi chuoni kumaliza masomo. Huduma ilikuwa sehemu ya shahada yenyewe.

Ndugu watumishi, nasi tujihukumu. Niliwahi kumkuta kijana katika ofisi moja ya umma, aliyeletwa kujifunza hesabu za fedha. Kwa wiki sita alipeleka barua na kuleta chai. Nilipomuuliza amejifunza nini, aliinamisha kichwa akanijibu: "Nimejifunza kungoja, mzee wangu." Jibu hilo lilinitia haya mpaka leo.

Kwa hivyo nawaomba mambo matatu. Kwanza, mkuu wa ofisi ampangie mwanafunzi kazi inayohusiana na somo lake: anayesomea afya akague visima pamoja na bwana afya, anayesomea ualimu asaidie watoto wanaochelewa kusoma. Pili, saa za kazi zipangwe mbali na mitihani, na nauli yake ifikiriwe, kwani mtoto wa maskini asije akaonekana mvivu kwa kukosa pesa ya daladala. Tatu, mwalimu wake apate taarifa ya maandishi, aitie katika alama.

Nanyi vijana, msiende vijijini kama wageni. Sheha na wazee wa hapo nao ni walimu wenu.

Elimu bila ya amali ni mti usiozaa. Na amali bila ya elimu ni kutwanga maji. Tuyafungamanishe.