Safari ya Siku Moja kwa Pikipiki katika Nchi ya Ngitili

Leo napenda kuwaelezeni safari ndogo, isiyopita siku moja, ambayo mtu yeyote mwenye afya aweza kuifanya katika nchi ya Shinyanga.

Katika nchi za Ulaya ya kusini, kama Italia na Ufaransa, wageni hupanda pikipiki ndogo, wakatanguliwa na kiongozi, wakazunguka tangu asubuhi mpaka jioni kutazama mashamba ya mizabibu na kuonja divai. Hapa Tanzania mizabibu yetu iko Dodoma. Shinyanga haina mizabibu, lakini ina jambo lake la kutazamwa, nalo ni ngitili, yaani malisho na miti iliyofungiwa na wenyewe kwa hiari yao.

Kwanza chagua wakati. Safiri baina ya mwezi wa Juni na Oktoba, kwa maana mvua ikinyesha udongo mweusi wa mbuga hunata magurudumuni hata pikipiki isiweze kwenda mbele wala kurudi nyuma. Pili, chagua dereva aliyezaliwa huko, ajuaye njia za vijijini na lugha ya Kisukuma, kwani yeye ndiye atakayekuwa kiongozi wako. Patana naye malipo ya siku nzima kabla ya kupanda. Mwulize kama ana kofia ngumu mbili, yake na yako. Kama anayo moja tu, mtafute mwingine. Wala usikubali kuwa mtu wa tatu juu ya pikipiki, jambo ambalo vijana huliita mshikaki. Mishikaki ya namna hiyo imewaua watu wengi.

Ondokeni mapema, mwende kwanza Shinyanga ya zamani. Hapo, kabla ya vita ya pili ya dunia, palikuwa na kituo cha kuchunguza mbung'o, na mkuu wake alikuwa Bwana Swynnerton, aliyekufa katika ajali ya ndege mwaka wa 1938. Siku zile mbung'o waliwaua ng'ombe kwa nagana na kuwatia watu ugonjwa wa malale. Dawa iliyoonekana kufaa ilikuwa kufyeka vichaka ambamo mbung'o hukaa. Wasukuma wakafyeka kwa maelfu, na mbung'o wakarudi nyuma.

Lakini yafaa tufahamu kwamba dawa nayo yaweza kuleta ugonjwa wake. Baada ya vichaka kuondoka, mashamba ya pamba na ya nafaka yakaongezeka, ng'ombe wakazidi, na kuni zikazidi kutakiwa. Kufika miaka ya 1980 watu walikuwa wakiisema Shinyanga kuwa inageuka jangwa. Akina mama walitembea mbali sana kutafuta kuni, na wengine walipikia samadi, ambayo ingalifaa kurutubisha mashamba.

Mwaka wa 1986 Serikali ilianzisha mpango ulioitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa kifupi HASHI. Mwanzo mabwana miti walikazana kuotesha miche ya kigeni katika vitalu. Baadaye waliwasikiliza wazee, nao wazee wakasema, "Mbona sisi tuna ngitili?" Desturi yenyewe ni hii. Mvua zianzapo, mtu hutenga sehemu ya ardhi yake, asiingize ng'ombe humo. Majani hukua, na visiki vya zamani, ambavyo mizizi yake ingali hai, huchipuka bila kupandwa na mtu. Wakati wa kiangazi, majani ya mahali pengine yakiisha, ng'ombe huruhusiwa kuingia, sehemu kwa sehemu. Mwenye kuvunja amri hutozwa faini na wanakijiji wenyewe katika baraza lao liitwalo dagashida, na sungusungu huangalia amri ishikwe.

Matunda yake ni makubwa. Mwaka wa 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzo wa miaka ya 2000 zilikadiriwa kupita hekta 300,000 katika Mkoa wa Shinyanga wa siku zile, kabla haujagawanywa mwaka wa 2012.

Basi, mfikapo kwenye ngitili, zimeni pikipiki, mshuke. Msiingie mpaka mwenyewe amepewa habari. Kama ni asubuhi, msalimu kwa kusema "Mwangaluka". Kama ni baada ya adhuhuri, "Mwadila". Mwite Baba au Mama, kisha umwache kiongozi wako aeleze shauri lenu. Hapa hakuna divai ya kuonja, lakini mkikaribishwa mwaweza kupata matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, pamoja na maziwa ya mgando. Msikatae.

Alasiri pitieni Mwadui, katika Wilaya ya Kishapu. Hapo ndipo Daktari Williamson, mtu wa Kanada, alipogundua almasi mwaka wa 1940. Mwaka wa 1947 ilichimbuliwa almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5. Ikawa zawadi ya arusi ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, na ilipokatwa ikabaki karati 23.6. Kuingia mgodini hutaka ruhusa, lakini vilima vya kifusi huonekana kutoka mbali. Mwezi wa Novemba 2022 ukuta wa bwawa la maji machafu ya mgodi ulibomoka, na tope likafunika nyumba na mashamba ya majirani.

Mkiwa njiani kurudi, linganisheni mambo haya mawili. Almasi ikishatolewa haioti tena. Ngitili huota kila mwaka, lakini kwa sharti moja tu: mwenyewe ajizuie. Na siku hizi kujizuia kumekuwa kugumu, kwa maana watoto wanagawana ardhi iwe vipande vidogo, na mchoma mkaa hulipa fedha leo, ilhali mti hulipa baada ya miaka. Mti uliochipuka tangu siku za HASHI waweza kuanguka kwa asubuhi moja.

Kwa hiyo nawasihi, ninyi vijana hasa, mwende mkaone kwa macho yenu, mkawaulize wazee walivyofanya. Msingoje wageni waje kuwaonyesheni nchi yenu.

Kwaherini, na safari njema.