Oili ya Injini Zetu na Daftari la Saa

(Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, siku ya kuadhimisha miaka kumi)



Halmashauri iliponitaka niseme neno katika sherehe hii, nilidhani nitaambiwa nisimulie jinsi Chama Kikuu chetu kilivyozaliwa mwaka 2015, au nisome hesabu ya magunia. Kumbe niliamriwa niseme juu ya oili ya injini. Nimewaona baadhi yenu mkitabasamu, wala siwalaumu. Lakini waliokuwapo penye mashine ya kumenya kahawa usiku ule wa Julai 2018 hawakutabasamu, maana wanajua kwa nini kazi hii nimepewa mimi, asipewe fundi wetu. Mimi si fundi. Nilimaliza kidato cha nne, nikajifunza kutunza vitabu vya hesabu. Nitakayoyasema nimeyajua kwa sababu niliyakosea.

Msimu ule kahawa iliiva kwa wingi na kwa pamoja. Injini yetu ya dizeli ilikuwa imekwisha kufanya kazi siku 45 tokea mwanzo wa Juni, na kwa kawaida saa 10 kutwa. Kitabu chake kilisema oili imwagwe na kutiwa nyingine kila baada ya saa 250. Fanyeni hesabu wenyewe: saa 450 zilikuwa zimepita. Mwendeshaji wa mashine alinijia mara mbili kuomba ruhusa ya kuisimamisha. Mara ya kwanza nilitazama nje, nikaona foleni ya wakulima imefika barabarani, nikamwambia angoje Jumapili. Jumapili ilipofika tulimenya pia. Mara ya pili nilitoa fedha, na mjumbe mmoja akaenda mjini akarudi na dumu la lita 5 la oili ya kupima, lisilo na jina wala alama. Hatukumwaga ya zamani. Tuliongeza tu ili ifike mstari wa juu.

Usiku wa siku ya tatu taa nyekundu ya oili iliwaka. Kabla mwendeshaji hajaifikia swichi, tulisikia mgongano wa chuma, kisha kimya. Injini ilikuwa imekufa, au kama mafundi wasemavyo, imenoki. Fundi alipofungua bakuli la chini alikuta tope zito jeusi kama uji wa ulezi, na beringi zilizobeba mhimili wa injini zimeungua na kulika.

Ninyi wakulima mwajua kuliko mimi ya kuwa kahawa mbivu haingoji. Iliyochumwa leo hupaswa kumenywa leo, la sivyo huanza kuchacha ndani ya ganda lake. Ile ililala pale, tena ikalala siku ya pili, na ilipopata mashine ya kuazima ilikuwa imekwisha kushuka daraja. Siku ya malipo mama mmoja alinirudishia risiti yake mkononi, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, bei hii ni ya kahawa yangu au ya oili yenu?" Sikuwa na jibu.

Nilikwenda kutafuta jibu katika vitabu vyangu, na hapo ndipo nilipoona aibu ya pili. Katika daftari la matumizi palikuwa na safu moja tu yenye kichwa "Mafuta". Dizeli iliandikwa humo, oili humo, hata grisi. Neno letu la mafuta ni pana mno. Kwa kuangalia safu ile, hapana mkaguzi wala mjumbe ambaye angeweza kutambua kwamba tokea Juni hatukununua oili ya kubadili. Fedha ilionekana inatumika, na kila mtu alidhani mashine inatunzwa. Ndiyo sababu tangu siku ile naandika dizeli mahali pake na oili mahali pake, na ndiyo sababu katika hotuba hii nasema oili, ingawa najua wazee wetu hupenda kusema mafuta.

Sasa, oili yenyewe hufanya nini humo ndani? Hukaa kama utando mwembamba kati ya chuma na chuma, visisagane. Hiyo kila mtu aijua. Isiyojulikana sana ni kwamba oili hubeba joto kutoka sehemu ambazo maji hayafiki, na pia ni mfagizi. Dizeli inapoungua huacha masizi na asidi. Katika oili nzuri mna dawa za kuosha, dawa za kushika masizi yasigandamane, na dawa za kuua ile asidi. Dawa hizo hutumika zikaisha, kama vile chumvi iishavyo jikoni ingawa kopo bado lipo. Zikiisha, oili hubaki tele lakini haiwezi kazi, na masizi iliyokuwa imeyashika hushuka yakawa tope.

Kwa hiyo nawaomba tuachane na desturi ya kuhukumu oili kwa rangi. Oili ya injini ya dizeli huweza kuwa nyeusi baada ya saa chache tu tangu kutiwa, nayo bado ni njema kabisa. Weusi ule ni dalili kwamba inashika masizi kama ilivyoagizwa. Kadhalika ile desturi ya kusugua tone kati ya vidole na kusema "bado ina utelezi". Mjumbe wetu mmoja alifanya hivyo mbele yangu siku mbili kabla ya injini kufa, na vidole vyake havikusema uongo: utelezi ulikuwapo. Vidole haviwezi kuonja dawa iliyokwisha.

Macho yana kazi yake, lakini kazi nyingine. Oili ikigeuka rangi ya maziwa, maji yameingia. Zima injini, usiiwashe tena mpaka fundi afike. Ikiwa nyepesi na yenye harufu ya dizeli, au ikipanda juu ya mstari bila mtu kuiongeza, dizeli inavuja ndani. Ukiona vipande vinavyometameta, chuma kinalika. Hayo yatazamwe kila asubuhi, injini ikiwa imesimama mahali pa tambarare, kwa kuchomoa kijiti, kukifuta, kukirudisha na kukichomoa tena. Na tusitie kupita mstari wa juu kwa kudhani tunaikirimu injini. Mhimili ukiifikia oili huipiga ikafanya povu, na povu halilindi chuma.

Nije kwenye kuchagua. Juu ya dumu pana maandishi ya namna mbili ambayo kila katibu anapaswa kuyasoma kabla ya kutia sahihi. Ya kwanza ni ya uzito wa oili, nayo huanza na herufi SAE, kwa jina la chama cha wahandisi wa motokaa kilichoanzishwa Marekani mwaka 1905. Ikiandikwa 15W-40, namba 40 yaeleza uzito wake ikiwa ya moto, kwa kipimo cha digrii 100, na ile 15W yaeleza jinsi inavyotiririka wakati wa baridi. Mtu aweza kuuliza, sisi na baridi wapi na wapi? Lakini asubuhi za Julai katika nyanda zetu za juu mwazijua, na Julai ndiyo katikati ya msimu wa kumenya. Oili iliyoandikwa 40 peke yake huwa nzito saa kumi na mbili asubuhi, ikachelewa kufika kwenye beringi, na dakika zile za kwanza hula injini sana. Ile ya 15W-40 hufika mapema, na ikipata moto bado ina nguvu. Matrekta na injini nyingi za dizeli tulizo nazo zinaikubali, lakini neno la mwisho ni la kitabu cha injini.

Maandishi ya pili ni ya ubora, nayo hutolewa na Taasisi ya Petroli ya Marekani, iandikwayo API. Herufi S ni ya injini za petroli, na C ni ya dizeli. Herufi inayofuata ikisonga mbele katika alfabeti, oili ni ya namna mpya zaidi: CF-4 ilitoka mwaka 1990, CI-4 mwaka 2002, na CK-4 mwishoni mwa 2016. CF-4 imekwisha kuondolewa na API katika orodha ya zinazotumika, hivyo ukiletewa kwa bei ya chini, ujue kwa nini ni ya chini. Kwa dizeli zetu, ya mbele huweza kushika mahali pa ya nyuma. Ya nyuma haishiki mahali pa ya mbele. Wenye pikipiki, nanyi ni wengi humu, tazameni herufi za JASO MA, maana katika pikipiki nyingi klachi huoga katika oili hiyo hiyo ya injini, na oili nyingine za motokaa huifanya iteleze.

Juu ya oili ya kupima sitasema mengi; nimekwisha kuwaambia ilikotufikisha. Tusinunue chombo kisicho na maandishi, wala kilichovunjwa lakiri. Hapa ndipo ushirika unapotufaa: chama kimoja hakiwezi kununua pipa la lita 200, lakini vyama kumi vyaweza, kwa bei ya jumla, na pipa likafunguliwa mbele ya makatibu wote.

Kuna wauzaji watakaowaambia kwamba injini kuukuu yataka oili nzito zaidi ili isitoe moshi. Moshi utapungua kweli, kwa muda, ugonjwa utabaki. Wengine watawauzia oili ghali ya kutengenezwa viwandani wakiahidi kwamba hudumu mara mbili. Ni oili njema, sikatai, lakini kama kitabu cha trekta hakikuruhusu muda huo, ahadi ya muuzaji haitatununulia beringi.

Muda huo ndio uliotufanya tugombane mwaka huu, nami sitaki kuuzunguka. Matrekta mengi na injini kama ile yetu huandikiwa saa 250. Injini ndogo za petroli, kama zile za pampu, huandikiwa saa chache zaidi, aghalabu 100, na zikiwa mpya humwagwa mapema baada ya saa 20 hivi. Mtu aliyezoea motokaa huona saa 250 kuwa kidogo. Lakini lori likienda mwendo wa kilometa 40 kwa saa, saa 250 ni safari ya kilometa 10,000. Hata hivyo yamefika mezani kwangu maombi ya vyama vitatu kwamba, kwa kubana matumizi, makadirio yajayo yahesabu saa 400. Hoja yao haikosi msingi. Wanasema dizeli ya leo ni safi kuliko ya zamani, na ni kweli: tangu mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zimeshusha kipimo cha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 katika milioni, na salfa ndiyo mama wa asidi. Lakini dizeli tuitumiayo hupita mikono mingi na madumu mengi kabla haijafika shambani, na vumbi letu jekundu halikupunguzwa na sheria yoyote. Muda waweza kurefushwa ikiwa oili itapelekwa maabara ikapimwa na majibu yakaandikwa. Bila hivyo, Bwana Mwenyekiti, sitatia jina langu kwenye saa 400. Niliwahi kutia sahihi ya 450.

Kwa upande mwingine, dereva mmoja wetu anamwaga kila saa 100 katika trekta lililoandikiwa 250, kwa hofu ya yaliyotupata. Huo nao ni upotevu, na nimemwambia hivyo.

Mkutano Mkuu wa mwaka 2019 ulipitisha azimio ambalo wengine bado wanalinung'unikia: saa zikitimia, mwendeshaji ana mamlaka ya kuisimamisha injini, foleni iwe ndefu namna gani, na hapana mjumbe, katibu wala mwenyekiti awezaye kumzuia. Kazi yenyewe haichukui saa nzima. Injini izimwe ikiwa na joto, oili itoke na takataka zake, chujio libadilishwe papo hapo, maana kutia oili mpya kwenye chujio kuukuu ni kuvaa kanzu safi bila kuoga. Tangu azimio lile foleni imesimama mara nyingi. Kahawa haikulala hata mara moja kwa sababu ya injini.

Oili iliyotoka irudishwe katika pipa lenye alama ghalani. Isimwagwe karibu na mifereji ya kuoshea kahawa, wala isipakwe kwenye miguu ya vichanja vya kuanikia kwa ajili ya mchwa. Najua inaua mchwa. Lakini kahawa hunasa harufu upesi, na oili iliyotumika ina sumu ya kudhuru ngozi. Watoto wetu ndio washindao pale.

Madaftari ya saa yaliyochapwa yako mezani kwa mtunza ghala, moja kwa kila injini. Yana safu za tarehe, saa ya kuwasha, saa ya kuzima, jumla, oili iliyoongezwa, na jina la aliyemwaga. Injini zisizo na mita zihesabiwe kwa saa ya ukutani. Makatibu wa vyama watie sahihi na kuchukua yao kabla ya chakula, maana baada ya chakula mtunza ghala naye atakuwa ngomani.